Nililala Kaburini mwa Mtani Asiye Mtani

Jamani, mimi nimewahi kulala kaburini nikiwa mzima. Tena kaburi la mtu mwingine, tena mchana kweupe, tena mbele ya kwaya iliyosimama na kayamba mkononi, na mwenye kaburi lake yuko pale juu ndani ya jeneza anasubiri mimi nitoke. Nalisema mwenyewe mapema kwa sababu najua huko Kiranjeranje linasimuliwa kwa kutiwa chumvi, na chumvi haihitajiki, aibu yenyewe ilikolea ya kutosha (mimi ni muuza ng'onda, mambo ya chumvi msinifundishe).

Naitwa Mshamu, Mngindo wa baba na mama, nakaa Kilwa Masoko. Nachukua samaki kwa wavuvi wa Kisiwani, nawapasua, nawatia chumvi, nawaanika wakakauka, halafu nazunguka nao kwenye magulio. Wanaonijua wanasema sijawahi kukubali bei ya kwanza tangu nizaliwe, daktari akisema nimeze vidonge vitatu mimi nitaomba viwe viwili. Na kila kitu nakihesabu mara mbili, samaki, chenji, hata wanangu tukishuka kwenye basi, maana siku moja nilikuta wamezidi (alikuwa mtoto wa abiria mwingine, tukamrudisha). Sasa oneni maajabu: mtu wa kuhesabu namna hiyo, jambo moja nililibeba miaka na miaka bila kulihakikisha hata mara moja, na ndilo lililonilaza shimoni.

Kwenye gulio la Kiranjeranje jirani yangu wa meza alikuwa Mzee Damiani, Mkristo, mtu mzima wa maneno machache, anauza mihogo mikavu na ming'oko, vile viazi vya porini vyembamba ambavyo watu wa huku wanavichemsha na kuvimenya kwa vidole. Siku ya kwanza tulipokutana nilimwuliza, "Mzee, umetokea wapi?" Akasema, "Songea. Nimekaa Songea miaka mingi." Basi. Mimi niliposikia Songea nikafunga hesabu: Songea ni kwa Wangoni, huyu ni Mngoni, na Mngoni kwa Mngindo ni mtani. Zamani babu zao waliwavamia babu zetu, na vita vilipokwisha wazee wakaona heri watu watupiane matusi kuliko mikuki, ndiyo maana mpaka leo Mngindo akimwona Mngoni anamtukana kwanza, habari za nyumbani baadaye, na hakuna wa kukasirika. Akikasirika anaonekana yeye ndiye mwenye kasoro.

Mtu mwenye akili angejiuliza, Mngoni gani huyu anaijua ming'oko kama aliizaa mwenyewe? Mimi nilijiambia ni Mngoni aliyestaarabika.

Basi kila siku ya gulio nikifika tu naanza. "Mngoni wee, leo mihogo umeiba shamba la nani?"

Naye bila kuinua kichwa, "Shamba la baba yako. Nilimkuta amelala."

"Mwizi mkubwa! Na hiyo kofia?"

"Nayo ya baba yako. Nilimwonea huruma, haikumpendeza."

Watu wanacheka, wateja wanasogea, meza yangu inanufaika na yake inanufaika. (Nakiri kwamba utani una faida kibiashara, kelele huvuta watu kuliko bei.) Na kwa kuwa mtani huchukua cha mtani wake bila kuomba, mimi wakati wa kufunga nilikuwa nabeba fungu la ming'oko naondoka nalo huku nikimtukana kwa uchoyo wa kufunga mafungu madogo. Yeye hakuwahi kunichukulia hata samaki mmoja. Nikamwona Mngoni asiyejua haki zake. Dini yake tu sikuigusa, kwa sababu hata utani una ukingo, na yeye naye mwezi wa Ramadhani alikuwa akitaka kula anageuza kiti na kunipa mgongo, na siku hiyo namtukania huo mgongo.

Siku moja nikapigiwa simu na mama mmoja muuza nyanya wa pale gulioni, "Mshamu, mtani wako hatunaye. Anazikwa leo saa tisa." Niliketi chini palepale kwenye vichanja vya samaki. Sikulia kwa utani, nililia kweli. Mke wangu akaniambia nenda, nami nikaenda, na njia nzima nikawa nawaza jambo moja: huyu mzee yuko mbali na kwao, huku Kiranjeranje Mngindo anayemjua vizuri ni mimi, nisipofanya mimi atazikwa kama mtu asiye na watani. Maana msibani mtani ndiye anayeruhusiwa kumsema maiti, kuigiza alivyotembea, hata kuingia kaburini na kugoma mpaka wafiwa wamtoe kwa kumpa kitu kidogo. Ndiyo heshima yenyewe. Nikafunga ng'onda kwenye kamba, mkufu mzima, nikauvaa shingoni, nikavaa gunia juu ya shati.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa, kosa dogo kama punje. Nilipofika nilikuwa nimechelewa, na badala ya kupita kwanza nyumbani kwa wafiwa kutoa pole kama binadamu, nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke moja kwa moja makaburini. Ningepita nyumbani ningekaa kwenye mkeka, ningesikia wanavyoongea, ningeuliza marehemu ni wa ukoo gani, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nilitaka kuwahi jukwaa.

Nikakuta msafara ndio kwanza umefika. Jeneza limewekwa juu ya miti, katekista ameshika kitabu, kwaya inaimba, na waliochimba kaburi wamekaa pembeni na majembe yao. (Huko kaburi wanachimba wote, Waislamu na Wakristo, akifa huyu wanakuja hawa, akifa yule wanakuja wale, wala hakuna anayekumbuka desturi hiyo ilianza lini.) Sikusalimia mtu. Nikapenya katikati ya watu kama mbuzi aliyeona mahindi, nikaruka, nikatua chini kishindo, nikalala chali, mikono kifuani, ng'onda shingoni, nikapaza sauti:

"Sitoki! Huyu Mngoni mwizi hazikwi leo! Ameishi kwa kuiba mihogo, amekufa kwa uchoyo, na mbinguni ataiba viti! Nilipeni ushuru, mwageni hela humu, la sivyo tutafukiwa wote wawili!"

Nikasubiri kicheko.

Jamani, kimya cha kaburini nimekisikia nikiwa ndani yake. Kwaya ilikata katikati ya neno. Nikafumbua jicho moja. Juu kulikuwa na mstatili wa mbingu na kuuzunguka pande zote ni vichwa, vichwa vitupu, wala hakuna jino hata moja lililoonekana. Nikafikiri labda hawajanielewa vizuri, nikarudia, safari hii kwa sauti kubwa zaidi (ndiyo, mara mbili, tabia ni ugonjwa).

Mzee mmoja mrefu akainama. "Huyu ni nani?"

"Mtani!"

"Mtani wa nani?"

"Wa marehemu! Ninyi Wangoni vipi, leo mnajifanya hamtujui Wangindo?"

Yule mzee akawatazama wenzake, akanitazama mimi. "Wangoni wako wapi hapa?"

"Si ninyi!"

"Bwana," akasema polepole, kama anayemweleza mtu mwenye homa, "sisi ni Wamakonde. Mimi ni Bonifasi, huyo ndani ya sanduku ni Damiani, mdogo wangu wa tumbo moja, tumezaliwa Newala. Songea alikwenda kulima tumbaku ya watu. Na watani wetu sisi tunawajua, na wewe si mmoja wao."

Nawaambieni, udongo wa kaburi ni wa baridi. Sikuwa nimeusikia ule ubaridi mpaka hapo.

Nikasimama, nikajaribu kupanda, udongo ukaporomoka nikarudi chini, ng'onda mmoja akakatika akaangukia palepale jeneza litakapokaa, ikabidi niiname kumwokota mbele ya macho yote hayo. Nikasema samahani. Samahani inayotoka shimoni haina uzito wowote, mjue hivyo. Kijana mmoja mwenye shati jeusi, baadaye nikaambiwa ni Kastori, mwana wa marehemu, alikuja ukingoni akafoka. "Baki humohumo! Ulitaka kufukiwa, tutakufukia! Baba yangu mwizi? Baba yangu mchoyo?"

Nyuma yake mtu akasema neno ambalo ndilo hasa lililonitoa jasho: "Mwislamu huyu! Ameingia kaburi letu anaitukana maiti yetu!"

Na upande wa wachimba kaburi sauti ninayoifahamu ikajibu, "Huyo kaja peke yake, msitutie sisi! Mshamu, umetufanyia nini wewe?"

Halafu yule kijana wa bodaboda aliyenileta (na ambaye nilimpunguzia nauli, kumbe hakusahau) akasema kwa furaha, simu juu, "Nimeirekodi yote! Hii ikiingia kwenye magrupu, kufika magharibi iko Dar."

Nikiwa mle chini niliona miguu tu, na miguu haifichi kitu. Viatu vilivyokuwa vimechanganyikana vikaanza kujitenga, hivi huku na vile kule. Watu walioshika majembe pamoja tangu asubuhi, jasho la hawa na la wale limedondokea udongo mmoja, sasa wanasimama pande mbili za shimo kwa sababu ya mdomo wangu. Aibu yangu ningeimeza. Lakini nilijua ile video itakwenda bila maelezo yoyote, gunia, matusi na jeneza lenye msalaba, na mtu asiyeijua Kiranjeranje ataiangalia na kuchagua upande, na kesho akifa mtu pale hakuna atakayejua amwite nani kuchimba. Nilitamani kweli wanifukie.

Ndipo vichwa vikapisha, akaja mwanamke ameshikwa mikono na wenzake wawili, kanga imeshuka begani. Sikuwahi kumwona, lakini mjane hatambulishwi.

"Wewe ndiye Mshamu?"

"Ndiye, mama."

"Wa ng'onda?"

Sikuwa na namna ya kukana, nilikuwa nimewavaa.

Akafuta uso. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua analia, kumbe kulikuwa na kitu kingine kimechanganyika humo. "Bonifasi, shemeji," akasema, "huyu namjua kwa habari zake. Damiani alikuwa akitoka gulioni anacheka peke yake njiani mpaka watoto wanauliza babu ana nini. Ananiambia, Skola, leo yule Mngindo kaniambia hivi, nami nikamjibu hivi. Nikamwambia mweleze huyo bwana kwamba wewe si Mngoni, asije akakuvunjia heshima mbele za watu. Akakataa."

"Kwa nini alikataa?" Kastori akauliza, na hasira ya sauti yake ikawa imepungua.

"Alisema, hapa kila mtu ananipa heshima, mzee shikamoo, mzee pole, mzee karibu, ni watu wazuri sana. Lakini mtu anayeheshimiwa tu kila saa bado ni mgeni. Tangu tuhamie hapa sikupata wa kunitukana mpaka huyu. Mwache."

Mimi nilishika ukuta wa kaburi. Miaka yote ile nilidhani naitumia haki yangu, ya kabila langu, niliyorithi kwa babu zangu, hata shukrani nilikuwa sioni sababu ya kuitoa. Kumbe haki hiyo sikuwa nayo hata chembe. Kila tusi lililonitoka lilipita kwa sababu mzee yule aliamua lipite, kila fungu la ming'oko alinipa kwa hiari yake nami nikaondoka nalo kifua mbele.

Bibi Skola akamgeukia yule wa bodaboda. "Mwanangu, hicho ulichokamata ni matusi tu. Kicheko cha mume wangu kimo humo?"

"Hakimo, mama."

"Basi umebeba nusu. Ifute, nikiona."

Kijana akatazama huku na huku kutafuta wa kumuunga mkono, akakosa, akaifuta mbele yake. (Nami baadaye nilimwongezea ile nauli niliyompunguza, bila kuombwa, na wanaonijua wanasema hiyo ndiyo habari kubwa kuliko ya kaburi.)

"Skola," akasema Mzee Bonifasi, "mila haisemi hivyo. Mtu hajifanyi mtani kwa kudhani."

"Mila naijua, shemeji. Aliyedhani ni yeye, aliyekubali ni marehemu, na aliyefiwa ni mimi. Mtoeni." Halafu akaniinamia. "Lakini wewe usifikiri umepona. Mtani hatukani akaenda zake. Mtani anafukia, anapasua kuni, anachota maji, anasugua masufuria mpaka matanga yaishe. Umeyataka ya ulimi, utayachukua na ya mikono."

Mimi ni mimi, nikajaribu. "Mama, masufuria siyajui vizuri, ningeleta gunia la samaki kwa ajili ya wafiwa..."

"Samaki utaleta. Na masufuria utasugua."

Ndiyo bei ya kwanza niliyoikubali maishani mwangu.

Mzee Bonifasi hakunipa mkono, alinipa ncha ya fimbo yake, nikaishika nikavutwa kama pweza kwenye mwamba. Katekista akakohoa, akasema tuendelee, kwaya ikatafuta pale ilipoachia. Nikavua gunia, nikapewa jembe, nikafukia na wale wachimbaji, na sikutoa neno. Yule Mwislamu mwenzangu aliyeniuliza nimewafanyia nini alinisukumia udongo miguuni, akanong'ona, "Nusura utuue, mpumbavu wewe," akaanza kucheka kimyakimya, na Mkristo aliyekuwa mbele yake akaambukizwa. Viatu vikachanganyika tena.

Matanga niliyamaliza. Nilisugua masizi mpaka kucha zikawa za fundi gereji, nilipasua kuni za umati wote ule wa watu kutoka Newala, na akina mama wa jikoni walinifanya ngoma yao, "Mngoni, leta maji! Mngindo, sufuria hii umeibembeleza badala ya kuisugua!" Niliitikia majina yote. Hata Mzee Bonifasi siku moja alinisogezea kiti bila kunitazama. Kastori tu ndiye hakunisemesha. Akija jikoni nilipo, anageuka. Sikumlaumu. Mama yake alinisamehe kwa sababu alivisikia vicheko vya baba. Yeye alikuwa Dar kutafuta maisha, alichosikia ni mtu wa gunia akimwita baba yake mwizi.

Siku ya kumaliza matanga tulikwenda wote kusimika msalaba. Watu walipoanza kurudi mimi nikabaki, nikasema nimuage mzee, kama zamani, nimtukane kidogo tu kwa shukrani. Nikafungua mdomo, tusi likagoma. Nikasimama pale nikagundua kitu kilichonikata maini: miaka yote ile, mtu yule ni mkubwa kwangu kabisa, sikuwahi kumwamkia hata siku moja. Nilimkuta natukana, nikaondoka natukana.

Nikavua kofia. "Shikamoo, Mzee Damiani."

"Marahaba," ikajibu sauti nyuma yangu.

Nilikaribia kuingia kaburini mara ya pili. Kugeuka, ni Kastori, kijana ambaye ningeweza kumzaa, mikono mfukoni, sura kavu kama yangu ninapouza.

"Wewe!" nikasema. "Nani amekupa ruhusa ya kuitikia shikamoo yangu?"

"Mzee hayupo. Vyake narithi mimi, hata Wangindo wake." Akanipita akitangulia njia ya nyumbani. "Fanya haraka, kuna masufuria."

Tangu siku hiyo nimeapa: mtu nisiyemjua simtanii mpaka nimekaa kwenye mkeka wake na kumwuliza kwao ni wapi, na akinijibu nauliza tena. Wananiona nimezeeka ghafla, nimekuwa mpole. Wako sahihi. Ila Kastori akija gulioni, yule namtukana mpaka nakohoa, na kila anaponirudishia moja baya zaidi namshukuru Mungu moyoni, maana sasa najua ni yeye anayenipa ruhusa hiyo.